Waya Zilizopita Juu Yetu

Miaka ile mkoa wetu uliitwa Shaba na nchi iliitwa Zaire. Nilikuwa kijana katika kundi la vibarua waliofyeka pori kaskazini mwa Kolwezi ili waya za umeme wa Inga zipate njia. Tuliangusha miombo, tukang'oa visiki, na nyuma yetu nguzo za chuma zikasimama moja baada ya nyingine.

Umeme huo ulikuwa unatoka mbali, kule mto Kongo unakokaribia bahari, kiasi cha kilomita 1,700. Wazee walishangaa, kwani Katanga, jina la zamani la mkoa wetu, ilikuwa na mabwawa yake tangu enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière: Mwadingusha la mwaka 1930, Nzilo la 1952, Nseke la miaka michache baadaye. Wakubwa walisema Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ingepanua uchimbaji, hivyo umeme uliopo usingetosha. Lakini watu walinong'ona jambo jingine. Katanga ilikuwa imejitenga kati ya 1960 na 1963, na Kinshasa sasa ilitaka swichi ya migodi ikae mkononi mwake.

Jioni moja mfumu, yaani chifu wa kijiji, alikuja kambini. Akamuuliza msimamizi wetu, fundi aliyetoka Kasai: "Mwanangu, huu moto utashuka hapa kwetu lini?" Fundi akavua kofia. "Hapana, tata. Huu unaenda tu ku Kolwezi."

Akatueleza sababu kwa subira. Umeme wa Inga ungegeuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu, kwa sababu mkondo huo hupotea kwa kiasi kidogo safarini. Ukifika Kolwezi, kituo kikubwa kingeugeuza tena uwe wa kutumika. Katikati ya safari hauwezi kuchotwa kwa transfoma ya kwenye nguzo. Kila mahali pa kuuchota pangehitaji kituo cha namna ile, na bei yake ni kubwa mno. Nikaelewa kwamba giza la vijiji vya Bandundu, Kasai na Shaba lilikuwa limekwisha kuamuliwa mezani kabla shoka la kwanza halijainuliwa.

Mei 1978 vita viliingia Kolwezi. Wapiganaji waliotoka Angola waliushika mji tarehe 13, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakaanza kushuka. Wamarekani wa kampuni ya Morrison-Knudsen, waliokuwa wakijenga mstari wa umeme, waliondolewa kwa ndege. Sisi tulikimbilia porini na mama zetu. Waliouawa mjini walikuwa mamia, weusi na weupe, na kazi ya waya ikasimama.

Baadaye kazi ikaendelea, na mwaka 1982 umeme ulifika. Kwa zaidi ya miaka 25 mstari wetu ulikuwa mrefu kuliko yote ya aina yake duniani. Lakini bei ya shaba ilikuwa imeporomoka tangu katikati ya miaka ya 1970, na gharama ya ujenzi ilikuwa imepanda sana kuliko makadirio ya kwanza. Deni la mkopo wa ujenzi likabaki kwa nchi nzima, hata kwa mama aliyepika bukari (ugali) kwa kuni chini ya waya.

Katika miaka ya 1990, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na Gécamines kudhoofika, watu walianza kukata vyuma vya nguzo na kuvibeba. Waliitwa wezi. Wizi ni wizi, siutetei. Lakini ni nani angelala nje kulinda nguzo ambayo haikumpa hata taa moja ya kusomea mtoto wake?

Leo mstari umekarabatiwa, na migodi ya shaba na kobalti ya Lualaba, kama mkoa wetu unavyoitwa sasa, bado inalilia umeme hata inaununua kutoka Zambia. Pembezoni mwa Kolwezi, makaa bado yanapikia nyumba nyingi, na miombo inazidi kurudi nyuma. Sasa bwawa jipya la Inga 3 linazungumzwa, na waya nyingine ndefu za kuelekea migodini.

Kwa wanaoupanga mstari huo nasema hivi: hesabuni vijiji kabla ya kuhesabu nguzo. Bei ya kuwashushia wanavijiji umeme, au ya kuwajengea bwawa dogo kwenye mto wao wenyewe, iandikwe ndani ya mkopo uleule, ukurasa uleule na bei ya waya. Kitakachoachwa nje ya mkopo hakitajengwa. Sisi tumekwisha kungoja zaidi ya miaka 40 kuthibitisha hilo.