Makapi ya Muwa

Kiganda kina neno abasiyazi, tusi wanalotupiwa watu wapendao wenzao wa jinsia moja. Mchongaji Leilah Babirye hueleza kwamba asili yake ni kapi la muwa: utamu ukishafyonzwa, linatemwa. Hakulikimbia neno hilo. Aliokota vilivyotemwa na miji, minyororo ya baiskeli, mipira ya matairi na vyuma vikuukuu, akavigeuza nywele na mapambo ya sanamu zake.

Babirye alizaliwa Kampala mwaka 1985, akasoma sanaa Makerere. Habari zake zilipoanikwa magazetini, jamaa zake walimkana. Mwaka 2015 akaenda New York, na mwaka 2018 akapewa hifadhi Marekani. Mwaka 2024 sanamu zake za mbao na za udongo zilisimama katika kanisa dogo lililojengwa mwaka 1744, ndani ya bustani ya Yorkshire Sculpture Park, Uingereza. Onyesho aliliita Obumu. Mswahili hahitaji mkalimani: obu- ni ndugu wa u- yetu, na -mu ni moja. Obumu ni umoja.

Nimeziona picha zake, nikavutwa zaidi na majina. Sanamu nyingi za Babirye hubeba majina ya koo za Buganda, kama Ngeye, yaani mbega. Kwa Waganda, ukoo ndio humpa mtu jina. Aliyekanwa na ukoo amenyang'anywa vyote viwili. Babirye anawarudishia.

Nasi tuna letu. Pwani, shoga ni mwanamke anavyomwita mwanamke mwenziwe wa siri na kicheko. Neno hilo la mapenzi limegeuzwa fimbo. Katika shule moja niliyofundisha mkoani Mbeya, kijana mmoja aliitwa hivyo mpaka wengi wakasahau jina lake. Hakufika kidato cha nne.

Sitarajii kuziona sanamu kama hizi Tosamaganga, huku Iringa, wala Rungwe, kwenye misheni iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1891. Sheria yetu ni kali, na mizizi yake ni ya kikoloni, ya Waingereza wale wale ambao leo wamezikaribisha sanamu hizo kanisani. Najua pia kwamba wasomaji wengi wanaliona jambo hili kuwa dhambi. Imani yao siibishi hapa. Nasema juu ya ulimi. Kanisani ndiko wengi wetu tulikopewa majina tunayoitwa, kila mmoja lake, kabla hatujatenda jema wala baya. Aliyepewa jina mbele ya madhabahu hawezi kuwa kapi.

Washairi wenzangu, sisi ndio tunaopima maneno kwa mizani. Tusi likija na vina vilivyokamilika, bado ni tusi. Kabla ya kulitia neno katika ubeti, tuulize ni nani litakayempokonya jina.