Sauti Iliyozibwa

Usiku ule, hapa kwetu Vitongoji, watoto walikaa mkekani wamsikilize bibi yao, aliyefariki mwaka 2019, katika kanda niliyoihamishia kwenye kompyuta. Ina mfumo wa Linux, ule usionunuliwa. Sekunde zikahesabika, sauti hamna. Nikazilaumu spika, nikaazima nyengine kwa jirani. Bure! Nikafungua programu ya alsamixer: chini ya Master zimeandikwa MM, yaani pamezibwa. Nikabonyeza M, zikawa sifuri mbili. Bado kimya. Kumbe, msomaji wangu, sauti ilikuwa ikipelekwa kwenye skrini kwa waya wa HDMI, na skrini ile haina spika! Nikachagua njia ya spika.

Mama akakohoa kwanza, kama desturi yake, kisha akaita kuku. Mtoto mdogo akageuka kutazama mlangoni.