Barua kutoka London: Wimbo ni wa Nani?

Mpwa wangu,

Umeniandikia kwamba bendi yenu inataka kuvunjika hata albamu haijatoka, kisa ni jina la nani liandikwe kwenye nyimbo. Katika barua hiyo hiyo umeniuliza, kwa kuwa naishi mji huu, Freddie Mercury alifanyaje mpaka akafika alikofika. Mimi naona maswali yako yote mawili ni swali moja, ndiyo maana nakujibu hadharani, na wenzako wasome.

Najua huko Shangani, Zanzibar, wageni wanapiga picha kila siku mbele ya makumbusho yake. Fahari hiyo nami ninayo. Farrokh Bulsara, ndiye huyo Freddie, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, baba yake akiwa keshia wa mahakama wakati wa Waingereza. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Feltham, magharibi ya London, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Mtaa wao wa Gladstone Avenue nimeuona: vijumba vya kawaida vilivyopangwa kwa safu, na kwenye ukuta wa kimoja kibao cha buluu chenye jina lake. Ukipita bila kuinua macho hujui kama hapo aliishi mtu.

Ila Queen, bendi yake, haikuwa ya mtu mmoja, na hili ndilo ninalotaka ulishike. Brian May alikuwa akisomea fizikia ya nyota, na gitaa lake alikuwa ameliunda nyumbani pamoja na baba yake, shingo yake wakaichonga kwa mbao za meko kuukuu. Roger Taylor, mpiga ngoma, alikuja London kusomea udaktari wa meno. Freddie alisomea usanifu wa michoro, kisha yeye na Taylor wakawa wanauza nguo katika soko la Kensington. John Deacon, mpiga besi, mwanafunzi wa elektroniki, ndiye aliyeingia mwisho, mwaka 1971. Na wote wanne walikuwa watunzi. We Will Rock You ni wa May, We Are the Champions ni wa Freddie, na mwaka 1977 zilitoka katika santuri moja. Another One Bites the Dust, uliokamata nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1980, aliutunga yule mpiga besi mkimya. Radio Ga Ga ni wa Taylor.

Sasa tuje kwenye pesa. Albamu yao ya kwanza, ya 1973, waliirekodi saa ambazo studio haina wateja, mara nyingi usiku. Mwaka uliofuata wimbo wao Killer Queen ukafika nafasi ya pili Uingereza, lakini mifukoni hawakuwa na kitu, na mwaka 1975 wakaachana na waliokuwa wakiwasimamia.

Ndipo ikaja Bohemian Rhapsody, utunzi wa Freddie. Kazi ilianzia studio ya Rockfield huko Wales. May, Taylor na Freddie waliimba sehemu zao, wakazirudia, wakaweka sauti juu ya sauti, kanda ikapita kwenye mashine mara nyingi mno hata rangi yake ikalika: ukiinyanyua kwenye mwanga, unaona upande wa pili. Wimbo una karibu dakika sita, na wakubwa wa kampuni walisema redio hazitaupiga. Ulitoka tarehe 31 Oktoba 1975, ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza wiki 9.

Upande wa pili wa santuri ile kulikuwa na wimbo wa Taylor kuhusu mapenzi ya mtu kwa gari lake. Kila santuri ikiuzwa, mtunzi wa upande wa pili hulipwa mrabaha sawa na mtunzi wa wimbo ulioifanya inunuliwe. Watu walinunua wa Freddie, Taylor akalipwa sawa naye. Kwa sheria ni haki yake, hakuiba. Lakini jambo hilo lilileta manung'uniko ya miaka, na kila albamu ikawa na mvutano wa nani atie nyimbo ngapi na ipi itoke kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kilichokuwa kikipotea ni maelewano.

Watu wakihesabu hatua kubwa za Queen hutaja Wembley, tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid, dakika kama 20 zilizowafunika wote waliopanda jukwaa siku ile. Ni kweli, na hazikuja kwa bahati: walijifungia siku kadhaa ukumbini Shaw Theatre wakifanya mazoezi. Ila sisi Waafrika tusisahau kuwa mwaka mmoja kabla, 1984, walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya makaburu, ilhali Umoja wa Mataifa umesusia. Nawapenda, lakini kwa hilo siwatafutii udhuru.

Kwangu hatua kubwa kuliko zote ni ya 1989. Katika albamu The Miracle walikubaliana kwamba nyimbo zote, aliyezitunga awe nani, ziandikwe Queen na mapato yagawanywe kwa wanne. May amesema mara nyingi kwamba uamuzi ule uliwaondolea ugomvi, wimbo ukachaguliwa kwa uzuri wake tu. Wakati huo Freddie alikuwa mgonjwa na wenzake wanajua. Wakamzunguka, wakafanya naye albamu ya Innuendo, na akaendelea kurekodi mpaka karibu na kifo chake tarehe 24 Novemba 1991. Sauti alizoziacha waliosalia walizikamilisha katika albamu ya 1995.

Wao walichukua karibu miaka 20 kufika hapo. Nyinyi msingoje. Kabla hamjarudi studio, kaeni wote pamoja, mpiga ngoma mumwite wa kwanza, mkubaliane mgao, muandike, kila mmoja atie saini, kisha nyimbo mkazisajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Mkimaliza, niletee nakala.

Mjomba wako,
London