Diski ya ami

Diski ya ami yangu ilitoka Maskati ndani ya soksi. Binamu aliichomoa kwenye laptopu ya Apple iliyokufa, akaja nayo Pemba mwezi mmoja baada ya hitima. "Sauti ya bibi imo humu," akasema. Ami alimrekodi bibi alipokuja likizo mwaka 2009, wakati Pemba bado tunategemea majenereta ya Wesha. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuja mwaka uliofuata. Bibi naye hayupo tena, na nyumbani kwetu Tibirinzi hakuna aliyekuwa na sauti yake hata dakika moja.

Nikaipeleka kwa fundi mjini Chake. Akaichomeka kwenye Windows, kioo kikamwambia diski haitumiki mpaka ifomatiwe. "Hii tupu, kaka. N'kufomatie, upate pahala pa kuwekea muvi." Kidole kishafika kwenye kipanya. Nilimshika mkono. Simlaumu, kompyuta ndiyo iliyomdanganya. Diski iliandikwa kwa HFS+, mpangilio wa mafaili ambao Apple waliutoa mwaka 1998, na Windows yenyewe haijui kuusoma. Basi mtu asiyejua Kiarabu akipewa barua ya Kiarabu ndiyo aseme karatasi haina kitu, tuifute?

Usiku nikaijaribu kwenye laptopu yangu ya Linux. Huko diski haipewi herufi yake, E wala F. Unatayarisha folda tupu, kisha unaipachika diski hapo, iwe tawi la mti mmoja wa mafaili. Nikaandika:

sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt

Hiyo ro ndiyo niliyoihakiki mara tatu: soma tu, usiandike. Ikakubali. Kufungua, karibu hamna kitu. Moyo ukanidondoka. Kumbe nimepachika kile kijipande cha MB 200 ambacho Mac hukitenga mwanzoni mwa diski kwa mambo ya kuwashia mashine. Nikakibandua, nikapachika sdb2.

Likatokea jina la ami. Lakini kila folda niliyoigusa, jibu moja: huna ruhusa. Unix kwa ndani haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba. Mtumiaji wa kwanza wa Mac ni 501. Wa Ubuntu, yaani mie, ni 1000. Mafaili yote yale yalikuwa ya 501, na 501 kazikwa Maskati. Kuyaandikisha kwa namba yangu nisingeweza, kwa kuwa diski nimeifunga isiandikwe, na hata ningeweza nisingetaka. Nikaingia kwa root, mtumiaji mkuu anayefunguliwa kila mlango, nikanakili folda nzima, yake nikaiacha vile vile. Umeme ulikatika katikati. Betri ikavumilia.

Faili lenyewe lina dakika kumi na moja. Mwanzo jogoo, kisha ndoo inaburutwa, kisha bibi: "Weye, hicho kidude chako kinakula betri bure. Nambie, huko Maskati mnakula nini?"

Baba alikuwa kasimama mlangoni, katoka kusali isha, kofia bado kichwani. Aliniacha nikafika mpaka mwisho. Halafu akaniambia nirudishe nyuma, pale pa ndoo.