Ngao ya Zhongli na Mkono wa Idi



Nyumba yenye simu na kijana siku hizi haikosi kusikia jina la Genshin Impact. Gemu hii ilitoka Septemba 2020, na kuicheza ni bure. Pesa huingia pale mchezaji anapotaka wahusika wapya, kwani wengi wao hawachaguliwi dukani. Huvutwa kwa bahati, na mtindo huo ndio uitwao gacha.

Kwetu sisi gumzo lilikuwa juu ya Zhongli, mhusika wa nyota tano ambaye kazi yake kubwa ni kuwakinga wenzake. Kijana wetu wa kidato cha tatu alitaka kumtafuta kwa mkono wake wa Idi. Hatukumkatalia wala hatukumkubalia. Tulimwambia tukae sote tumpime.

Mlinzi tulimpima kwa maswali matatu. Ngao yake yabeba kiasi gani? Yakaa muda gani? Na zaidi ya kukinga, anaongeza nini?

Kwa hayo Zhongli ana sifa za kweli. Ngao yake hutegemea wingi wa uhai wake, kwa hiyo akijengwa kwa uhai inakuwa ngumu kuvunjika. Hukaa sekunde 20, na aweza kuiita tena baada ya sekunde 12, yaani kabla ya ile ya kwanza kwisha. Alipotoka Desemba 2020 wachezaji wengi walilalamika kuwa ni dhaifu. Februari 2021 watengenezaji wakamwongezea nguvu, na tangu hapo maadui walio karibu na mwenye ngao hupunguziwa ukinzani kwa asilimia 20. Basi anakinga na pia anasaidia kushambulia.

Upande wa pili yupo Noelle, wa nyota nne. Ngao yake hukaa sekunde 12 na kwa kawaida husubiriwa sekunde 24, hivyo kuna kipindi timu hubaki wazi. Lakini ngao ikiwepo, mapigo yake huweza kuwaponya wenzake. Tena mchezaji mpya humpata kwa hakika katika mivuto 10 ya kwanza ya wanaoanza.

Sasa bei. Nafasi ya kupata nyota tano kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6. Ukifika mvuto wa 90 unapewa kwa hakika, lakini karibu nusu kwa nusu huenda akawa mwingine. Ukimkosa, anayefuata ndiye unayemtaka. Mambo yakienda vibaya kabisa ni mivuto 180, kila mmoja Primogem 160, jumla 28,800. Kazi za kila siku hutoa 60. Tukigawanya, ni siku 480 kwa kazi hizo peke yake.

Kijana aliandika hesabu hiyo mwenyewe, akanyamaza, kisha akauliza kama Noelle anatosha. Kwa sehemu alizokuwa akicheza, anatosha. Bado anamtaka Zhongli, naye anakusanya Primogem za bure polepole. Mkono wa Idi haukuguswa.

Wazazi wenzetu, yapo mawili zaidi. Kulipa pesa bila kujua utapata nini kuna sura ya kamari, na swali hilo ni vyema mlifikishe kwa mashekhe wenu. Hata nchini Marekani, Januari 2025, serikali ilitangaza makubaliano kuwa kampuni inayosambaza gemu hii ilipe dola milioni 20, na isiwauzie watoto wa chini ya miaka 16 bahati hizo bila idhini ya wazazi. La pili, katika hadithi ya gemu Zhongli huitwa mungu wa mwamba. Zungumzeni na watoto juu ya hilo waziwazi, wajue kuwa ni hadithi tu.

Nanyi wanafunzi, kabla ya kuvuta jiulizeni: mlinzi niliye naye amenishinda wapi? Jibu likikosekana, subirini.

Wabillahi tawfiq.