Usikimbilie Fumbo Linalofuata

Popote ulipo asubuhi ya leo, Laini Saba, Makina, Gatina au pale stage ya 46 ukingoja matatu, nipe dakika tatu tu.

Vijana wengi mnacheza chesi kwenye simu, na mnapenda yale mafumbo yake. Unapewa ubao, unaambiwa tafuta hatua inayoshinda. Unaona malkia wako anaweza kula askari na kumtisha mfalme. Unabonyeza upesi. Kumbe farasi wa mpinzani alikuwa anangoja! Malkia amekwenda. Simu inakuonyesha jibu, unasema, "Aah, hiyo naijua," halafu unafungua fumbo lingine.

Ukienda hivyo, hata mafumbo mia hayatakufundisha kitu. Anayekua ni yule anayekaa na fumbo alilokosa. Anajiuliza: Hatua sahihi sikuiona kabisa? Niliiona nikaidharau? Au nilisahau kwamba mpinzani naye ana zamu yake? Hayo ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Baada ya siku chache analirudia fumbo lile lile.

Pale Katwe, Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto wa mtaa chesi, na kikombe cha uji juu yake. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo. Mwaka 2012, huko Istanbul, Uturuki, alijipatia cheo cha kimataifa. Mnaikumbuka ile filamu ya 2016 ambayo Lupita Nyong'o aliigiza mama yake. Hakuna anayefika huko bila kukaa na kushindwa kwake.

Sasa tazama maombi yetu. "Bwana, nisamehe dhambi zote, Amina." Tumepita. Ijumaa tunatumbukia shimo lile lile.

Bwana hakumtendea Petro hivyo. Fungua Yohana 18:18. Petro anaota moto wa makaa, na katika usiku huo anamkana Bwana mara tatu. Sasa fungua Yohana 21:9. Yesu amefufuka, yuko ufuoni, na kuna moto gani hapo? Wa makaa! Wewe unayewasha jiko kila jioni unajua moshi wa makaa unavyokumbusha mambo. Kisha anamuuliza Petro swali moja mara tatu. Hakumrudisha pale ili amwaibishe, ila safari hii ajibu vyema. Petro alihuzunika, ndiyo. Lakini hapo hapo alikabidhiwa kondoo.

Kwa hivyo leo chukua kosa moja tu. Usiseme, "Pesa zangu huisha." Sema, "Nikilipwa kibarua Ijumaa, napitia kwenye kamari kabla ya kufika nyumbani." Halafu uliza ni hatua gani ilitangulia. Petro hakuanzia kuanguka motoni; alikuwa amelala bustanini alipoambiwa akeshe. Wewe ulilala wapi? Ijumaa inakuja na fumbo ni lile lile. Amua leo utapita njia gani, na ni nani utamtumia zile pesa kabla hujatoka kazini.

Usiogope kulitazama kosa hilo. Warumi 8:1 imekwisha kuondoa hukumu juu ya walio katika Kristo. Aliyesamehewa anaweza kuangalia ubao bila kutetemeka.

Kosa lako liandike kwenye daftari, si hapa chini. Hapa chini andika tu AMINA.