Kisiwa Kinachofunga Barabara Zake

Twende pamoja hadi Kisiwa cha Man, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland. Ni kisiwa kidogo cha kilomita za mraba 572, chenye vilima vya kijani, kondoo na nyumba za mawe. Muda mwingi wa mwaka ni mahali patulivu. Lakini kila ifikapo mwisho wa Mei, meli hushusha maelfu ya pikipiki katika bandari ya Douglas. Ni wakati wa mashindano ya pikipiki barabarani yaitwayo Tourist Trophy, au kwa kifupi TT.

Pengine mtauliza, kwa nini huko? Sababu ni sheria. Mwanzoni mwa karne ya 20, Uingereza iliweka kikomo cha mwendo cha kilomita 32 kwa saa, wala haikuruhusu barabara za umma zifungwe ili watu washindane. Kisiwa cha Man kina bunge lake, Tynwald, nalo likapitisha sheria ya kuruhusu jambo hilo mwaka 1904. TT ya kwanza ya pikipiki ilifanyika tarehe 28 Mei 1907. Mshindi, Charlie Collier, alikwenda kwa wastani wa kilomita 61 kwa saa.

Mwaka 1911 mashindano yalihamia njia ya mlimani, ambayo inatumika hadi leo. Tuifuate kidogo. Inaanzia Douglas, inateremka Bray Hill katikati ya nyumba za watu, inapita karibu na Kanisa la Braddan na vijiji kadhaa mpaka mji wa Ramsey, kisha inapanda ubavuni mwa mlima Snaefell na kurudi Douglas. Mzunguko mmoja una kilomita 60.7 na kona zaidi ya 200. Mwaka 2023 Peter Hickman aliumaliza kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa.

Hatari inatokana na njia yenyewe. Katika uwanja uliojengwa kwa mashindano, anayeteleza huwa na nafasi pana ya kuangukia. Hapa ni barabara ya kila siku, ile ile ya kwendea dukani na shuleni, na kando yake kuna kuta za mawe, nguzo za taa na miti. Huko mlimani ukungu unaweza kutanda hali mjini jua linawaka.

Victor Surridge alifariki katika mazoezi mwaka ule ule wa 1911. Tangu hapo, washindani waliopoteza maisha katika njia hiyo wamezidi 260. Mwaka 2022 peke yake TT ilichukua watu sita, wakiwamo baba na mwanawe waliokuwa pamoja katika pikipiki yenye kigari cha pembeni. Nyuma kabisa, mwaka 1972, Gilberto Parlotti wa Italia alipokufa, rafiki yake Giacomo Agostini, bingwa wa dunia, alikataa kurudi tena. Baada ya 1976 TT haikuhesabiwa tena katika ubingwa wa dunia, lakini haikukoma.

Je, wanawake? Beryl Swain alishindana peke yake juu ya pikipiki mwaka 1962, kisha akanyimwa leseni kwa kanuni ya uzito. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1978. Lakini mwanamke hahitaji kupanda pikipiki ili hatari imfikie.

Tazameni familia ya Dunlop ya Ireland ya Kaskazini. Joey Dunlop alishinda TT mara 26. Aliendesha gari lake mwenyewe hadi Romania na Bosnia kupelekea watoto yatima chakula na nguo. Alikufa mashindanoni Estonia mwaka 2000, akiacha mke na watoto watano. Mdogo wake, Robert, alikufa katika mazoezi huko kwao mwezi Mei 2008. Siku mbili baadaye, kabla baba hajazikwa, mwanawe Michael mwenye miaka 19 alishindana katika barabara hiyo hiyo, akashinda. Mwaka 2018 William, kaka yake Michael, naye akafa katika mazoezi. Michael hakuacha, mwaka 2024 aliivuka rekodi ya baba yake mkubwa.

Hebu mfikirieni mama wa vijana hao. Amezika mume, amezika mwana, na mwana mwingine bado anavaa kofia yake ngumu na kwenda kupanga foleni.

Hatuwaiti watu hawa wajinga. Ujasiri wao ni wa kweli, na wanajua vizuri wanachokifanya. Lakini anayepanda amechagua mwenyewe. Wanaomngoja nyumbani hawakuulizwa. Kwa hiyo, kijana wetu anapopenda jambo la hatari, tusiishie kumkemea. Tukae naye, tumwulize kwa upole: ukianguka, mzigo wako ataubeba nani?